SIJISIKII, NIONGEZEE! Prodyuza wa geto, una uhakika hiyo ndo nobu yenyewe?

Leo tuongelee ishu moja ya studio za geto ambayo naona inawatesa wengi huku kwetu Soweto. Kwa mnaosoma mkiwa mbali, ni Soweto ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, sio ile ya Johannesburg. Siku hizi huku, na Njoro, na Pasua, na Majengo, studio ni chumba cha kupanga: kompyuta moja, maiki kwenye stendi, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na pazia zito mlangoni.

Sasa msanii kavaa hedifoni, biti inapiga, kaanza kuimba. Mara anapunga mkono. "Prodyuza, sijisikii, niongezee." Prodyuza anazungusha nobu ya kwanza anayoiona. Msanii anafurahi, anaimba kwa hisia zote, kazi inaisha saa nne usiku. Kesho yake wakisikiliza vizuri, voko inakwaruza kila alipopandisha sauti. Wanajaribu kushusha, bado inakwaruza. Wanaweka efekti, inakwaruza na efekti yake. Ngoma imekufa.

Na hapo kuna mtu kalipa. Washkaji wengi wa hapa hela ya studio wanaitolea jasho. Mwingine kabeba mizigo soko la Mbuyuni, mwingine kapanda mlima kama mgumu siku sita na begi la mzungu kichwani. Hela yote anaiweka kwenye ngoma moja, halafu inaharibika kwa sababu ya nobu moja iliyozungushwa sivyo. Inauma.

Jambo lenyewe sio gumu. Ni hili: SAUTI INAYOINGIA KWENYE KOMPYUTA na SAUTI INAYOINGIA KWENYE SIKIO LAKO ni vitu viwili tofauti. Kila kimoja kina nobu yake. Ukitaka kusikia zaidi, gusa ya sikio. Ya kuingilia ukishaiweka sawa, iache. Tuichambue taratibu.

FIKIRIA MFONGO

Nyie wa Machame, Kibosho na Old Moshi mnaijua mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ambayo wazee wetu waliichimba kushusha maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba. Juu kabisa mtoni kuna banio, pale maji yanapoingilia. Chini, kila mwenye kihamba ana mfereji wake mdogo wa kuingiza maji kwenye migomba.

Kama migomba yako haipati maji ya kutosha, unafungua mfereji wako. Huendi kubomoa banio. Ukiachia banio, mfongo wote unafurika, unabeba matope na mawe, na hata ukiziba kwako chini, yale matope yameshaingia.

Geini ya maiki ni banio. Sauti ya hedifoni na sauti ya spika ni mifereji midogo. Msanii akisema hajisikii, anaomba maji kwenye mfereji wake. Wewe unaenda kuachia banio. Hapo ndo tunapoharibu.

SAFARI YA SAUTI, KITUO KWA KITUO

Sauti ikitoka mdomoni inapita hivi:

1. Maiki inaigeuza kuwa umeme mdogo sana.
2. Geini inaukuza huo umeme. Hii ni nobu iliyo kwenye saundi kadi ya nje au kwenye miksa, karibu na tundu la maiki.
3. Saundi kadi inaugeuza umeme kuwa namba. Hapa ndo kurekodi kwenyewe kunapotokea.
4. Programu inazihifadhi zile namba kwenye faili. Iwe FL Studio, Cubase, Audacity au nyingine yoyote, kazi ni ile ile.
5. Ukiplei, programu inasoma namba, inazipitisha kwenye slaida ya treki, halafu slaida ya masta.
6. Saundi kadi inazirudisha kuwa umeme.
7. Nobu ya hedifoni na nobu ya spika zinaukuza huo umeme uende masikioni.

Angalia vizuri. Kitu chochote kilicho kabla ya namba 3 kinabaki kwenye faili milele. Kilicho baada ya namba 4 ni cha kusikilizia tu, unaweza kukibadilisha hata mwakani na faili lako liko vile vile. Slaida ya treki iko namba 5. Kwa hiyo kama maiki imeingia kwa nguvu kupita kiasi, kushusha ile slaida hakusaidii kitu. Unachopata ni sauti mbovu iliyopunguzwa.

KWA NINI IKIKWARUZA HAIRUDI?

Kompyuta inapima sauti kwa namba, na kwa kiwango cha CD inapima mara 44,100 kwa kila sekunde. Namba zenyewe zina mwisho: ya juu kabisa ni 32,767 na ya chini kabisa ni -32,768. Hakuna zaidi ya hapo.

Msanii akipiga kelele na geini iko juu, sauti yake ilitakiwa ifike, tuseme, 50,000. Kompyuta haina hiyo namba, inaandika 32,767. Inayofuata 32,767. Inayofuata tena 32,767. Wimbi lililotakiwa kuwa na kichwa cha mviringo linakuwa limekatwa kichwa, bapa kama meza. Sikio linasikia mkwaruzo. Na kompyuta haijui kama ile ilitakiwa iwe 50,000 au 40,000, haikuandika popote. Programu za kutengeneza zipo, ila zinakisia tu.

Ndo maana kwenye mita ya programu juu kabisa pameandikwa 0, na chini yake namba zote ni za kutoa: -6, -12, -18. Hizo ni desibeli. Sifuri ndo dari. Kila ukishuka desibeli 6, wimbi linakuwa nusu ya lilivyokuwa.

Unatakiwa ulenge wapi? Mwambie msanii aimbe ile sehemu yake ya NGUVU KULIKO ZOTE, sio ile ya "hallo hallo, moja mbili". Zungusha geini mpaka vilele vya juu viguse kama -12, vikizidi sana -10. Sauti ya kawaida itakuwa inacheza karibu na -18. Utaona mchoro wa sauti ni mwembamba, utahisi haitoshi. Inatosha kabisa. Msanii akipandwa na mzuka kwenye kiitikio ataongeza nguvu mwenyewe, na hiyo nafasi uliyoacha ndo itakayomuokoa.

"MBONA NIMEAMBIWA NIREKODI MPAKA IGUSE NYEKUNDU?"

Huo ushauri una asili yake, sio uongo mtupu. Ni wa enzi za tepu.

Bendi zetu za zamani zilikuwa zikirekodi pale Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima inapiga kwa pamoja, sauti inaingia kwenye tepu. Tepu ina mvumo wake wa "shhhh". Ukirekodi chini, mvumo unasikika. Kwa hiyo mafundi walipandisha kiwango ili muziki ufunike mvumo. Na tepu ikizidiwa inazidiwa kwa upole, inapinda taratibu, masikio mengine hata yanaipenda. Kompyuta haina upole huo. Ikifika sifuri ni panga.

Halafu kwenye setingi utaona 16-bit na 24-bit (hiyo sio biti ya kuimbia, ni ukubwa wa namba). Ya 16 kwa hesabu ina nafasi ya kama desibeli 96 kutoka chini mpaka dari, ya 24 kama desibeli 144. Weka 24. Nafasi ni kubwa kiasi kwamba ukirekodi kwenye -12 hupotezi kitu. Kelele utakayoisikia ni ya feni, kuku na bodaboda, na hiyo haipungui kwa kupandisha geini. Inapanda nayo.

Hapa Moshi kuna mfano mzuri wa zamani. Miaka ya 1960 studio ya Sauti ya Injili ilikuwa ikirekodi vipindi vya Kiswahili hapa mjini, tepu zinasafirishwa mpaka Addis Ababa, Ethiopia, kurushwa na kituo kilichoanza hewani mwaka 1963 na kuchukuliwa na serikali ya huko mwaka 1977. Fikiria fundi wa Addis kapokea tepu. Atajuaje kama spika za Moshi siku ile zilikuwa juu au chini? Hawezi kujua, na hajali. Kilichomfikia ni kiwango kilichoandikwa kwenye tepu. Ngoma yako nayo ni hivyo hivyo. Anayeidownload hatapata nobu ya spika zako, atapata faili.

STUDIO KUBWA WALITUMIA UKUTA

Bongo Fleva ilipoanza kushika kasi miaka ya 1990 kwenda 2000, studio zenye majina zilikuwa Dar: MJ Records ya Master Jay, Bongo Records ya P-Funk Majani, na wengine kama Mika Mwamba, yule Mfini. Msanii wa Moshi alikuwa anapanda basi.

Studio ya aina hiyo kwa kawaida inakuwa na vyumba viwili. Prodyuza yuko huku na spika zake, msanii yuko kule nyuma ya kioo na hedifoni. Prodyuza akipandisha spika mpaka vioo vitetemeke, maiki haisikii, na msanii hajui. Msanii akiomba kuongezewa, anaongezewa kwenye hedifoni zake peke yake. Ukuta umeshatenganisha mambo.

Geto haina huo ukuta. Prodyuza, msanii, spika, maiki na wale washkaji wanne waliokuja kusindikiza, wote chumba kimoja. Kwa hiyo kazi ya ukuta inabidi uifanye wewe kwa mikono, kwa kujua kila nobu inafanya nini.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Usikariri maelezo ya mtandaoni, hata haya yangu. Vifaa vinatofautiana. Fanya hivi na kifaa chako mwenyewe:

Weka redio ndogo au simu inayopiga muziki mbele ya maiki, sauti isiyobadilika. Vaa hedifoni, zima spika. Bonyeza kurekodi. Halafu zungusha nobu MOJA tu, juu na chini, ukiangalia mita na mchoro wa sauti kwenye skrini. Irudishe, nenda nobu ya pili. Mpaka zote ziishe, pamoja na slaida zilizo ndani ya programu na zile za Windows.

Nobu iliyobadilisha mchoro ni ya KUINGILIA. Iliyobadilisha kile unachosikia tu, mchoro ukabaki vile vile, ni ya KUSIKILIZIA. Chukua selotepu na peni, andika pembeni ya kila moja. Nyekundu kwa za kuingilia, maana yake usiguse wakati msanii anaimba.

Utakutana na mambo ya kushangaza. Kwa mfano:

- Miksa ndogo za USB. Nyingi zinapeleka kwenye kompyuta ule mchanganyiko wa mwisho. Kwenye baadhi, hata ile nobu kubwa ya masta inabadilisha kinachorekodiwa. Prodyuza anadhani anashusha spika kwa sababu mama mwenye nyumba amegonga ukuta, kumbe anashusha voko katikati ya beti. Miksa za hivi mara nyingi zina nobu nyingine ya hedifoni au ya chumba cha kusikilizia. Tumia hiyo.

- Saundi kadi ndogo zenye nobu moja ya kutokea. Hiyo nobu inashusha spika na hedifoni kwa pamoja. Faili haliguswi, ila huwezi kumuongezea msanii bila kujiongezea na wewe. Dawa yake nafuu: hedifoni yenye kidude cha sauti kwenye waya. Msanii anajipimia mwenyewe. Ukipata hela zaidi, nunua kile kiboksi cha kugawa hedifoni chenye nobu kwa kila tundu.

- Kompyuta za zamani zenye tundu la maiki la nyuma. Nyingi zina chaguo la kuikuza maiki kwa desibeli 20 nzima kwa tiki moja tu. Ukiona sauti inavuma kama nyuki, angalia hapo kwanza.

- Windows XP, ambayo bado unaweza kuikuta kwenye baadhi ya mashine kuukuu ingawa Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2014. Kwenye ile slaida ya sauti pembeni ya saa kuna kurasa mbili, ya kuplei na ya kurekodi. Watu wanafungua ya kwanza, wanapandisha maiki, wanajisikia kwenye spika, wanafurahi. Kumbe hiyo ni ya kusikilizia tu. Ya kurekodi iko ukurasa wa pili. Na kule ukichagua Stereo Mix badala ya Microphone, unarekodi kila kitu kinachopiga kwenye kompyuta: voko, biti na hata ule mlio wa chati. Voko ikishaungana na biti kwenye treki moja, huitenganishi tena kama zilivyokuwa.

- Programu zenye chaguo la kurekodi baada ya efekti. Hapo slaida na efekti za treki zinaweza kuingia kwenye faili. Chagua kurekodi maiki peke yake, kavu. Mwangwi utaweka baadaye.

MSANII AKISEMA "SIJISIKII", FANYA HAYA

Sasa tumefika kwenye kiini. Geini iko sawa, mita inacheza kwenye -12, na msanii bado analalamika. Fuata mpangilio huu:

KWANZA, shusha biti. Hapa wengi hawafikirii. Msanii hajisikii kwa sababu biti imemfunika. Biti ulizodownload zimeshapandishwa mpaka karibu na sifuri, wakati voko yako inacheza kwenye -18. Lazima ifunikwe. Shusha slaida ya biti desibeli 6, hata 10. Voko itatokeza yenyewe bila kugusa maiki.

PILI, pandisha nobu ya hedifoni kidogo. Biti na voko vinapanda pamoja, na uwiano mzuri ulioutengeneza unabaki.

TATU, angalia kama anajisikia moja kwa moja au kupitia kompyuta. Saundi kadi nyingi za nje zina swichi au nobu ya kumrudishia msanii sauti yake kabla haijaingia kwenye kompyuta. Iwashe. Ukifanya hivyo, zima ile ya ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Hii ya tatu inatibu ugonjwa mwingine pia: sauti kuchelewa. Kompyuta inakusanya sauti mafungu mafungu ndo iifanyie kazi. Fungu likiwa la namba 1024, kwa namba 44,100 kwa sekunde, ni kuchelewa kama milisekunde 23 kwa fungu moja tu, bado kurudi. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama unajisikiliza kutoka kwa mtu aliyesimama karibu mita 8 kutoka kwako. Lazima uimbe nje ya mdundo. Fungu la 256 linakuwa kama milisekunde 6, linavumilika, ila kompyuta dhaifu itakatakata. Ukitumia ile njia ya moja kwa moja, hili halikuhusu. Mara nyingi msanii anayesema "sijisikii" kumbe anajisikia vizuri, ila anajisikia amechelewa, na hajui aiseme vipi.

NNE, avae sikio moja. Waimbaji wengi wanapenda kuacha sikio moja wazi wasikie sauti yao ya asili. Ruksa. Ila lile upande ulioachwa uzibwe kwa mkono au ukandamizwe shavuni, usiache spika yake ikielekea maiki. Biti itavuja. Na hedifoni zikiwa juu sana, zinavuja hata kama amevaa zote mbili. Baadaye utakuta "tsi tsi tsi" kwenye voko iliyotakiwa kuwa safi, na ukibadilisha biti, ile ya zamani bado inanong'ona nyuma. Tumia hedifoni zilizofunikwa, zile za kukumbatia sikio.

Geini unaigusa lini? Ukiona mita inagusa juu ya -6 au taa nyekundu imewaka. Hapo simamisha, shusha, halafu rudia beti lote. Usishushe katikati ya mstari, utapata voko yenye nusu kubwa na nusu ndogo.

SPIKA ZIMA

Wakati maiki iko wazi, spika za chumbani ziwe zimezimwa. Sio zimeshushwa, ZIMEZIMWA. Zikiwaka na programu inarudisha maiki, sauti inatoka kwenye spika, inaingia maiki, inatoka tena, mwisho ni ule mluzi wa "piiiii" unaotoboa masikio na unaoweza kuunguza spika ndogo. Na hata usipopiga mluzi, biti inarekodiwa upya kupitia maiki ikiwa na mwangwi wa bati.

Wale washkaji wa kusindikiza? Wasubiri nje. Au wapewe hedifoni ya pili na wafunge mdomo.

Kwenye kumiksi ndo spika zina kazi, na hapo kuna kanuni nyingine: ukishapata kiwango kizuri cha kusikilizia, weka alama ya peni kwenye nobu na ukiheshimu. Sababu iko kwenye sikio lenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson wa maabara za Bell, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwa haraka kuliko sauti za kati. Ukipandisha spika, besi inarudi na kila kitu kinaonekana kitamu. Ndo maana ukimiksi kwa sauti ya juu unadhani ngoma imeiva, halafu kwenye simu besi haipo. Ukimiksi kwa sauti ndogo sana, unajaza besi, halafu kwenye spika za baa inaguruma na voko haisikiki.

Kwa hiyo miksi kwa sauti ya wastani, ile ambayo watu wawili mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Mara moja moja shusha kabisa uangalie kama voko na ngoma ya kati bado vinasikika. Mara chache pandisha uhakiki besi, dakika moja, rudi kwenye alama yako. Halafu jaribu kwenye simu na kwenye redio ya bodaboda. Na hapo hata mama mwenye nyumba anafurahi, maana tuwe wakweli, studio nyingi za geto haziui na ubovu wa vifaa, zinauliwa na notisi ya kuhama.

MASIKIO HAYANA SPEA

Hii ndo sehemu ambayo watu wanaruka. Usiruke.

Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inasema sauti ya desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni dakika 15. Hedifoni zikiwa juu zinafika 100 bila shida, na sesheni ya geto ni saa tano. Piga hesabu mwenyewe.

(Hizi desibeli ni za sauti hewani, sio zile za kwenye mita ya programu. Jina moja, kipimo tofauti. Usichanganye.)

Ukitoka studio masikio yanalia "ngiiii", au watu wanaongea kama wako ndani ya pipa, hiyo ni dalili kwamba umezidisha. Inaweza kuisha asubuhi. Ukirudia kila siku, kuna siku haitaisha, na vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Prodyuza asiyesikia sauti za juu anajaza sauti za juu kwenye kila ngoma bila kujua kwa nini watu wanashika masikio.

Angalia inavyoungana na mada yetu. Prodyuza anayerekodi chini kwa -12 anasikia sauti ndogo. Akijua nobu zake, ataongeza ya hedifoni kidogo na kushusha biti. Asipojua, atapandisha kila kitu: ngoma inakwaruza na masikio ya msanii yanaumia kwa mkupuo mmoja.

UTARATIBU WA KUBANDIKA UKUTANI

Kopi hii, print, bandika juu ya kompyuta:

1. Zima spika. Nobu ya hedifoni iwe chini kabisa kabla mtu hajavaa.
2. Msanii asimame pale pale atakaporekodi, kama shubiri moja kutoka kwenye maiki.
3. Aimbe sehemu ya nguvu. Weka geini mpaka vilele viguse -12.
4. Ondoa mkono kwenye geini.
5. Plei biti, ishushe desibeli 6 mpaka 10.
6. Washa njia ya msanii kujisikia moja kwa moja, zima ile ya programu.
7. Pandisha hedifoni taratibu mpaka msanii aseme poa. Akisema "ongeza" mara ya tatu, shusha biti tena badala ya kuongeza.
8. Rekodi sekunde 20, simamisha, sikiliza voko PEKE YAKE bila biti. Hakuna mkwaruzo? Hakuna biti iliyovuja? Twende kazi.
9. Kila baada ya saa moja, vueni hedifoni dakika kumi. Nendeni nje mkauangalie mlima kama mawingu yameachia.

Hiyo namba 8 watu wengi wanaona inapoteza muda. Sekunde 20 dhidi ya sesheni nzima na hela ya mtu. Chagua.

Na wewe msanii unayesoma hapa, usikae kimya. Kabla hujatoa hela, mwambie prodyuza akuonyeshe mita ukiwa unaimba. Ukiona taa nyekundu inawaka na yeye anasema "hamna noma, tutarekebisha kwenye miksi", jua kuna noma. Mkwaruzo wa kuingilia haurekebishwi kwenye miksi. Omba mrudie papo hapo, hela yako bado iko mezani.

Kama una saundi kadi au miksa ambayo hujui nobu ipi ni ipi, andika jina lake na namba ya modeli hapo chini kwenye maoni, na useme jaribio la dakika tano limekupa majibu gani. Wenye kifaa kama chako watakusaidia. Kazi njema wadau.